Mikondo ya C na ule mlango wa uani

Wadau, leo siasa zipumzike kidogo. Nimekuwa nikifukua historia ya jambo dogo ndani ya lugha ya C, dogo kiasi kwamba hata waliosoma kompyuta chuoni wengi hulipita bila kugeuka nyuma. Nilidhani ni habari ya nusu ukurasa. Nikakuta humo kuna kesi mahakamani, ugomvi wa leseni na wezi wanaoingia kupitia dirisha lililojengwa kwa nia njema. Swali lenyewe ni hili: nani ana haki ya kusema "hiki nacho ni faili"?

Kwa wasioandika programu, niwaeleze haraka. Ndani ya C, ukitaka kusoma au kuandika maneno, maktaba ya lugha inakukabidhi kitu kinachoitwa FILE. Huulizi kama herufi zinatoka kwenye diski, kwenye kibodi au kwenye programu nyingine. Unavuta, zinakuja. Sisi wa vyumba vya habari mpango huo tunaujua: mhariri anataka habari mezani saa kumi na moja jioni, na kama mwandishi ameileta kwa miguu au kaisoma kwa simu akiwa Dodoma, hilo si tatizo la mhariri. Njia hiyo ya herufi inaitwa mkondo, kama mkondo wa maji.

Na maji kweli yamo. Mwaka 1964, Doug McIlroy wa Bell Labs, kule Murray Hill, New Jersey, aliandika waraka akitaka programu ziunganishwe kama mipira ya kumwagilia bustani: ukihitaji kuyafanyia maji jambo jingine, unaongeza kipande. Ilichukua miaka. Kitabu cha maelekezo cha toleo la tatu la Unix, Februari 1973, ndicho kinachoonyesha mabomba hayo yakiwa yamefungwa na yanafanya kazi. Karibu na wakati huo huo, mwenzao Mike Lesk aliandika furushi la fanksheni za kusoma na kuandika ambalo lingeweza kuhama kutoka mashine moja hadi nyingine. Furushi hilo likafumuliwa, likashonwa upya, likawa stdio, ile ambayo kila mwanafunzi wa C anaiita kwenye mstari wa kwanza wa programu yake. Ilitoka na toleo la saba la Unix mwaka 1979.

Hebu tuifungue FILE ya mwaka 1979 tuone ndani. Kulikuwa na vitu vitano tu: mahali ulipofikia, herufi ngapi zimebaki, ndoo ya kuhifadhia herufi inaanzia wapi, alama za hali ya mkondo, na namba ya faili. Ndoo ilikuwa ya baiti 512. Programu moja ilikuwa na nafasi ya mikondo 20 tu, na mitatu kati ya hiyo tayari ina wenyewe.

Sasa itazameni hiyo namba. Inatolewa na kiini cha Unix. Ndoo ikikauka, maktaba inakwenda kwa kiini na kusema, nijazie namba nne. Maana yake ni kwamba mkondo ni kile tu ambacho kiini kinakitambua. Kama maneno yako yako kwenye kumbukumbu ya kompyuta, au yamebanwa, au yamefichwa kwa siri, printf haina habari na wewe. Ulikuwa na njia mbili tatu, zote za kuchosha: uandike kwanza faili ya muda kwenye diski halafu uisome, uanzishe programu nyingine pembeni uunganishe bomba, au upitie programu yako yote ukibadilisha kila mahali ulipoandika. Maktaba ilijisifu kwamba haijali herufi zinatoka wapi, lakini wewe ukileta chanzo chako mwenyewe, inakuambia hakimo kwenye orodha.

(Hapa kidogo nitoke nje ya njia. Ile namba ilihifadhiwa ndani ya herufi moja, yaani biti nane. Na kwa kuwa getc haikuwa fanksheni kamili bali kipande kinachopachikwa ndani ya programu yako wakati wa kutafsiriwa, umbo la FILE lilinakiliwa ndani ya kila programu duniani. Huwezi kulipanua bila kuvunja programu za watu. Ndiyo maana miaka mingi baadaye programu za biti 32 kwenye Solaris zilikuwa bado zinagota ukutani: faili yenye namba inayozidi 255, stdio haiitaki. Uamuzi wa kubana nafasi ya miaka ya sabini ulikuwa unawakaba wenye seva za intaneti.)

Kamati ya Marekani ya kuiwekea C kanuni ilianza kazi mwaka 1983 na kanuni ikatoka mwaka 1989. Msimamo wao ulikuwa kuandika kile ambacho watu tayari wanakifanya, si kubuni. Kwa hiyo FILE ikaingia ndani ya kanuni pamoja na fopen na printf, lakini njia ya mwandishi wa kawaida kutengeneza mkondo wake haikuingia. Mimi nawaelewa, ila nadhani walilipa bei. Mwaka huo huo wa 1989, toleo la pili la C++ la AT&T lilitoka na mikondo iliyosanifiwa upya na Jerry Schwarz, na hapo yeyote aliweza kurithi streambuf na kutengeneza chanzo chake. Ndugu mdogo alipewa funguo, mkubwa akabaki barazani.

Mlango wa C ulifunguliwa Berkeley, na si kwa sababu kuna mtu aliketi akawaza mikondo. Ulifunguliwa kwa sababu ya leseni. Unix ya Chuo Kikuu cha California ilikuwa imechanganyika na kodi ya AT&T, na aliyetaka kuitumia ilibidi kwanza awe na leseni ya AT&T. Keith Bostic akaanza kuhamasisha watu wa kujitolea waziandike upya programu na maktaba, kipande kwa kipande, bila kugusa kodi ya AT&T. Kipande cha stdio kiliandikwa na Chris Torek. Mwaka 1991 Berkeley wakatoa mkusanyiko uitwao Networking Release 2. Mwaka 1992 kampuni tanzu ya AT&T ikaenda mahakamani. Kesi ilipomalizwa kwa makubaliano mwanzoni mwa 1994, kati ya faili 18,000 zilizogombewa, zilizoondolewa zilikuwa tatu. Tatu! Nyingine 70 hivi zikabandikwa alama ya hakimiliki, na kuna marekebisho madogo madogo hapa na pale.

Kwa kuwa Torek alilazimika kuanza upya, hakuwa na sababu ya kubeba na ulemavu wa zamani. Ndani ya FILE yake aliweka pointa nne za fanksheni: ya kusoma, ya kuandika, ya kusogea na ya kufunga. Ndoo ikikauka, maktaba haiendi moja kwa moja kwenye kiini, inaiita fanksheni ya kusoma. Kinachonifurahisha ni kwamba faili ya kawaida ya diski nayo inapita hapo hapo, kama mteja mwingine yeyote. Ukiita funopen, iliyotoka na 4.4BSD mwaka 1993, unampa fanksheni zako nne na unarudishiwa FILE halali. Kuanzia hapo fprintf na fgets zinakuhudumia bila kujua kwamba nyuma yake unafungua maandishi yaliyobanwa.

Pamoja na fanksheni unakabidhi pia kitu kinachoitwa cookie. Msifikirie biskuti. Fikirieni supermarket: unaacha begi kaunta, unapewa kibao chenye namba. Mlinzi hajui ndani ya begi kuna nini, anachojua ni kukurudishia ukionyesha kibao. Maktaba nayo haijui cookie yako ni nini. Kila inapoita fanksheni yako inakurudishia kibao chako, wewe ndiye unayejua begi ni lipi.

Upande wa GNU, watu wa programu huria, walifika mahali hapo hapo kwa barabara yao. Maktaba yao ya C, glibc, ilikuja kuchukua libio, kazi ya Per Bothner wa Cygnus, iliyotengenezwa ibebe mikondo ya C na ya C++ kwa pamoja. Mlango wao unaitwa fopencookie. Fanksheni nne, kibao kimoja. Mtasema basi, wamekubaliana. Wapi! Berkeley urefu ni int, kwa GNU ni size_t. Berkeley fanksheni ya kusogea inakurudishia mahali ulipofika, kwa GNU inapaandika kupitia pointa na kurudisha sifuri. Berkeley ukishindwa kuandika unarudisha hasi moja, GNU wanakukataza kabisa kurudisha hasi, unarudisha sifuri. Mwenye programu inayotakiwa kufanya kazi kote kote anaandika vitu vilevile mara mbili.

Halafu wakaja wezi. Ukiweka pointa za fanksheni ndani ya FILE, umeweka kwenye kumbukumbu ya kompyuta karatasi inayosema "ukifika hapa, nenda kule". Mwenye kupata kosa la kumruhusu kuandika juu ya kumbukumbu hiyo anabadilisha "kule", kisha anasubiri programu iandike neno lolote. Kwenye glibc kila FILE inaelekeza kwenye jedwali la fanksheni, na mbinu za kughushi jedwali hilo zikawa somo zima kwa wadukuzi. Mwaka 2016 toleo la 2.24 likaanza kukagua: jedwali lisipokuwa kwenye eneo la maktaba yenyewe, programu inauawa papo hapo.

Lakini mikondo ya fopencookie lazima iite fanksheni za mgeni, ndiyo kazi yake. Jedwali lake ni halali, linapita ukaguzi, kisha linaita kilichoandikwa na mwandishi wa programu. Glibc inazivuruga pointa hizo kwa namba ya siri ili zisighushiwe kirahisi. Toleo la 2.34 la mwaka 2021 lilipoondoa njia nyingine iliyopendwa na wadukuzi, zile ndoano za malloc, baadhi yao waligeukia hapa: kwanza waipate au waibadilishe namba ya siri, halafu wapite mlango wa cookie.

Kanuni ya POSIX ya mwaka 2008 ilikubali mikondo inayosoma na kuandika kwenye kumbukumbu, fmemopen na open_memstream, ikaishia hapo. Simu ya Android iliyoko mfukoni mwako ina funopen, kwa sababu maktaba yake ya C imechukua stdio ya ukoo wa BSD. FreeBSD wenyewe, warithi wa Berkeley, waliongeza fopencookie kwenye toleo la 11 mwaka 2016, kwa hiyo kwao milango yote miwili iko wazi. Kanuni mpya ya C iliyochapishwa mwaka 2024 haina hata mmoja.