Tarehe ya Ulanzi wa Kihesa

Padri Giuseppe Allamano alizaliwa mwaka 1851 huko Castelnuovo d'Asti, mji mdogo wa Italia wenye vilima vya mizabibu. Mwaka 1901 aliasisi Shirika la Consolata mjini Torino, na mwaka 1919 wamisionari wake wakafika Uhehe, wakaishika misheni ya Tosamaganga. Wana wa nchi ya mvinyo wakajikuta katika nchi ambayo nayo ina mvinyo wake: ulanzi, pombe ya utomvu wa mwanzi.

Mji wa Iringa, jirani na misheni hiyo, ulikuwa bado mchanga. Wajerumani waliuanzisha baada ya kuiteka ngome ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, pale Kalenga, Oktoba 1894. Ulipopanuka, Kihesa ikawa kata yake, na ulanzi wa vijijini ukapata soko vilabuni.

Kifuku, msimu wa mvua, kikiingia, mianzi ya ulanzi, yaani milanzi, huchipua. Chipukizi likifika kimo cha kugemeka, mgemaji hulikata ncha kwa kisu kikali, kisha hulifungia mbeta, kipande cha mwanzi chenye kitako, ili utomvu udondokee humo. Asubuhi na jioni hurudi kulichonga upya, kijisehemu chembamba tu, kwani kidonda kikikauka utomvu nao hukoma. Mgemaji makini hagemi machipukizi yote. Mengine huyaacha yakomae, la sivyo miaka michache tu shina limekwisha. Milanzi ni mali, mtu hupanda na watoto wake wakarithi.

Ulanzi hauhitaji hamira. Ukitoka shambani ni mtogwa, mtamu, hata bibi asiyegusa pombe huonja. Jua likipanda unaanza kutoa povu, na kesho yake ni mkali. Ukiufungia kwenye dumu ukakaza kifuniko, dumu huvimba. Ndiyo maana ulanzi haukupata ghala wala chupa yenye mwaka wa mavuno, kama walivyozoea watu wa Castelnuovo. Mimi sioni kwamba hilo linaupunguzia heshima. Zabibu za Dodoma zimejengewa viwanda na kuandikwa sana. Ulanzi, uliosomesha watoto wengi kwa mikono ya kina mama wauzaji, unastahili kuandikwa vilevile.

Mvua zikikatika, mwezi Mei hivi, utomvu hupungua na vilabu hurudi kwenye komoni ya mahindi. Mgeni anayetaka mtogwa basi aje Kihesa Februari, tena asubuhi, madumu yakiwa ndiyo kwanza yanashushwa.