DAR ILIYOPOTEA: JINSI YA KUIHOJI PICHA YA ZAMANI MPAKA IKUTAJIE MTAA NA MWAKA



Kila wiki napokea picha mbili tatu za Dar ya zamani na swali lilelile: "Mkuu, hapa ni wapi?" Nyingi zimezunguka kwenye e-mail mpaka zimechoka, hazina jina wala mwaka. Nimeona niweke mambo yote sehemu moja, ili hata ukiwa kafe na dakika zako ishirini zimebaki uweze kuifungua picha na kuihoji mwenyewe. Mimi si mwanahistoria, shule niliishia kidato cha nne. Ila picha nimezitazama nyingi, na nimegundua picha ya mji hainyamazi, ni sisi tu hatuiulizi.

Kwa nini tuhangaike? Kwa sababu Dar imejaa majina ya vitu ambavyo havipo tena. Chukua Kariakoo. Wajerumani walijenga soko pale kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, eneo likawa kambi ya wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps, na midomo yetu ikalipika jina hilo mpaka likawa Kariakoo. Jengo lile la Kijerumani halipo. Soko la zege tunalolijua, lenye paa kama miavuli iliyogeuzwa juu chini, lilichorwa na Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo Waafrika wa mwanzo kabisa Afrika Mashariki, likafunguliwa 1975. Julai 2021 likaungua moto. Kwa hiyo picha mbili tofauti kabisa zinaweza kuandikwa "Soko la Kariakoo" na zote zikawa kweli. Kazi ni kujua ipi ni ipi.

1. TAFUTA KITU AMBACHO HAKIJAHAMA

Usianze na jengo usilolijua, anza na unalolijua. Upande wa bandarini kuna vitu vichache ambavyo havijasogea: Boma la Kale la enzi za Sultani Majid, miaka ya 1860, na makanisa mawili ya enzi ya Wajerumani, la Kilutheri la Azania Front na la Mtakatifu Yosefu. Ukiona mnara wa mojawapo umeshajua mpiga picha alisimama upande gani wa mji. Kilichobaki ni kuhesabu majengo kutoka hapo.

Halafu uliza kitu gani KINGEPASWA kuonekana lakini hakionekani. Mnara wa Saa uliwekwa 1961, mwaka wa Uhuru, Dar ilipopewa hadhi ya jiji. Hoteli ya Kilimanjaro ilifunguliwa 1965. Kama picha imepigwa kutoka baharini na pale Kilimanjaro ilipo kuna miti tu, basi hiyo ni ya kabla ya hapo. Pengo nalo ni ushahidi.

2. SANAMU

Wajerumani walikuwa na sanamu ya gavana wao Hermann von Wissmann katikati ya mji, amesimama juu, na chini yake askari Mwafrika na simba aliyekufa. Waingereza walipoingia 1916 wakaing'oa, na baadaye ikaishia Hamburg, ambako wanafunzi waliiangusha 1968. Yule askari wetu mwenye bunduki yenye singe aliyepo hadi leo aliwekwa 1927. Ukimwona Wissmann, picha ni ya Wajerumani. Ukimwona Askari wa Samora, ni 1927 au baadaye. Simpo.

3. MABANGO NA MAJINA YA MITAA

Hapa ndipo biashara zilizokufa zinapofufuka. Kuza picha mpaka uone herufi za juu ya mlango. Mtaa wa Samora wa leo ulikuwa Acacia Avenue wakati wa Waingereza, ukaja kuwa Independence Avenue baada ya Uhuru, ndipo ukawa Samora. Mtaa wa Uhuru ulikuwa Kichwele. Sokoine Drive iliwahi kuitwa City Drive, na Sokoine mwenyewe alifariki Aprili 1984. Bango lenye anwani ya Acacia Avenue limeandikwa enzi za mkoloni, ila angalizo: bango linaweza kubaki ukutani miaka mingi baada ya mtaa kubadilishwa jina. Bango linakupa mwaka wa kuanzia, halikupi wa kumalizia.

Mara nyingine jina linabaki na jengo linaondoka. Hoteli ya New Africa ilianza enzi ya Mjerumani ikiitwa Kaiserhof. Jengo lile la zamani lilivunjwa, la sasa ni ghorofa refu la kisasa, jina la New Africa likaendelea.

Ukiona duka lilelile kwenye picha mbili, moja ina jina la familia na nyingine haina, kumbuka 1971. Mwaka huo serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja. Nyumba nyingi za katikati ya mji, zile za duka chini familia juu, zilikuwa za Watanzania wenye asili ya Asia. Wengi waliondoka nchini, wengine wakabaki kama wapangaji ndani ya nyumba walizojenga wenyewe. Usisome tu kwamba bango limebadilika, jua kuna watu nyuma yake.

4. SINEMA

Kabla ya televisheni kuanza Bara mwaka 1994, starehe ya mji ilikuwa sinema. Empire, Empress, Avalon, Odeon, New Chox, Cameo. Waulize wazazi wako uone watakavyotabasamu. Ukipata picha ya ukumbi wa sinema una bahati, maana ubaoni kuna jina la filamu. Ukiona Awaara, filamu hiyo ilitoka India 1951, kwa hiyo picha haiwezi kuwa ya 1949 hata aliyekutumia aape. Ukiona Sholay, ni 1975 au baadaye. Na filamu zilikuwa zinarudiwa miaka na miaka, kwa hiyo kanuni ni ileile ya bango.

Ile Drive-in Cinema, mliyokuwa mnaingia na gari na kuangalia filamu mkiwa ndani ya gari, ilifunguliwa 1966 upande wa Msasani, Barabara ya Bagamoyo ya zamani. Siku hizi hapo pana ubalozi wa Marekani, uliofunguliwa 2003 baada ya ule wa mwanzo kulipuliwa kwa bomu tarehe 7 Agosti 1998. Mtu mzima akikwambia "tukutane kule Drive-in" hajachanganyikiwa, anaongelea mji wake.

5. MABASI

Basi lenye herufi DMT ni la kampuni ya kabla ya UDA. UDA ilianza 1974. Daladala za watu binafsi ziliruhusiwa rasmi 1983. Ukiona basi la mwendokasi, hiyo si picha ya zamani bana, yale yalianza 2016.

6. NANI KAPIGA, NA KWA NINI

Picha nyingi za enzi ya Mjerumani zinazozunguka mtandaoni ni za Walther Dobbertin. Hifadhi ya taifa ya Ujerumani ilizitoa nyingi bure mtandaoni kuanzia 2008, na ni hazina kweli. Ila tazama anachopiga: majengo ya serikali, bandari, reli, nyumba za Wazungu. Mji wenyewe uligawanywa, Wazungu upande wa bahari, Wahindi katikati, Waafrika Kariakoo, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kutenganisha. Kamera za wakati ule zilikaa sana upande mmoja. Ukitegemea hizo peke yake utadhani babu zako hawakuwa na mji.

Postikadi za rangi usiziamini rangi. Zilipakwa baadaye na mtu ambaye huenda hajawahi kufika Dar. Na kama herufi za mabango zinasomeka kinyume, picha imegeuzwa wakati wa kuiskani. Igeuze kabla hujaanza kubishana barabara ilikuwa upande gani.

7. ULIZA WATU, SASA HIVI

Nilikuwa na picha ya duka moja la mjini ambayo ilinishinda. Hakuna gari, bango limefifia, watu wamepanga mstari hadi kona. Nikampelekea bibi yangu. Aliiangalia sekunde tano tu.

"Mjukuu wangu, hii ni miaka ya foleni."

"Umejuaje, bibi? Jengo lenyewe halionekani vizuri."

"Wewe unaangalia jengo. Mimi nawaangalia wenye vikapu vitupu. Hapo tulikuwa tunasubiri sabuni na sukari."

Mwanzoni mwa miaka ya 80 bidhaa ziliadimika kweli, watu walilala nje ya maduka. Hilo halijaandikwa popote kwenye ile picha. Lilikuwa kichwani mwa bibi. Siku watu kama yeye wakiisha, ile itabaki picha ya watu wamesimama tu.

Ndo maana nasema albamu za nyumbani ni muhimu kuliko za Dobbertin. Picha ya studio ya mama yako amevaa gauni la harusi ina mhuri nyuma wenye jina la studio na mtaa. Studio yenyewe ilishafungwa, jengo limeshavunjwa, na huenda ule mhuri ndio alama pekee iliyobaki kwamba mtu alifanya kazi hapo maisha yake yote. Na mara ngapi mzee akifariki tumeona sanduku la picha linachomwa pamoja na makaratasi?

Kwa hiyo wikiendi hii fanya haya:

- Andika nyuma ya picha kwa penseli, polepole: mahali, mwaka, majina. Kalamu ya wino hupenya.
- Ukiiskani, skani na nyuma yake pia. Usikate kingo, mara nyingi bango liko pembeni.
- Tumia ubora mkubwa, dpi 600 kama skana ya kafe inaweza. Faili dogo halikuziki.
- Kama hujui mwaka, andika "kabla ya" au "baada ya" na sababu yake. Usibuni, maana mwaka wa kubuni ukishaingia mtandaoni hautoki.
- Kaa na mzee mmoja na albamu moja. Anza na swali la nani, la wapi litakuja lenyewe.

Kama nyumbani kwenu kuna picha ya duka, hoteli, sinema au studio ambayo haipo tena, tuwekee hapo chini kwenye maoni ulichokipata na umekijuaje. Wakubwa wa mji mtusahihishe, ndo faida ya kijiwe.

Nawasilisha.