A5/1

A5/1 ni algoriti ya kusimba mazungumzo ya simu za GSM yanapopita hewani kati ya simu na mnara. Ilibuniwa mwaka 1987; mwaka 1989 ikafuatwa na A5/2, iliyo hafifu zaidi, kwa ajili ya nchi zilizowekewa vikwazo vya mauzo. Simu za analogi zilizotangulia kwa kawaida hazikusimbwa, hivyo mwenye redio ya kunasa masafa aliweza kusikiliza.

Utendaji

Ufunguo wa biti 64 hupatikana kutokana na siri iliyomo kwenye laini na namba nasibu inayotumwa na mtandao. Rejista tatu za biti 19, 22 na 23 huzalisha biti za kuichanganya sauti.

Udhaifu

Udhaifu wa A5/1 ulitokana zaidi na maamuzi ya watu kuliko upungufu wa hisabati. Wapo wanaoitetea kwamba kompyuta za 1987 zilikuwa ndogo. Hoja hiyo haielezi kwa nini katika mitandao mingi ya mwanzo biti 10 za ufunguo zilijazwa sifuri, maana kuziacha zifanye kazi kusingegharimu chochote. Wengine husema usiri wa muundo ulikuwa kinga. Kinga hiyo haikudumu: muhtasari wake ulivuja mwaka 1994, na mwaka 1999 Marc Briceno akauchambua muundo wote kutoka kwenye simu. Mwaka huohuo Ian Goldberg na David Wagner waliivunja A5/2. Mwaka 2003 Barkan, Biham na Keller walionyesha njia ya kuvunja A5/1 kwa kutumia mawimbi yaliyosimbwa peke yake, na mwaka 2009 mradi wa Karsten Nohl ukatangaza majedwali ya kurahisisha kazi hiyo. Kinyume chake, algoriti ya usimbaji ya AES, iliyoshindanishwa hadharani na kupitishwa Marekani mwaka 2001, muundo wake unajulikana na kila mtaalamu na bado haijavunjwa. Aidha, katika GSM simu hujithibitisha kwa mtandao ilhali mtandao haujithibitishi kwa simu, jambo linalotoa mwanya kwa minara bandia.

Hali ya sasa

3G, kizazi kilichofuata GSM, ilileta uthibitisho wa pande zote mbili. 2G, yaani kizazi cha GSM, bado inatumika, ikiwemo Afrika Mashariki kwenye simu za vitufe. Hata usimbaji imara wa hewani hauyalindi mazungumzo yakishaingia ndani ya mtandao wa kampuni. Huko yanahitaji ulinzi mwingine.