Ras Kisimani: Magendo ya Watumwa na Doria ya Bahari

Ng'ambo ya bahari kutoka Ras Kisimani, rasi ya kisiwa cha Mafia, ni delta ya Rufiji, yenye mikoko mirefu na vijito vya kuficha jahazi. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alipiga marufuku kusafirisha watumwa baharini, lakini mashamba ya minazi ya Mafia na mikarafuu ya Pemba bado yalitaka watu. Manowari za Uingereza peke yake hazingeweza kukomesha magendo. Ni kweli zilikamata majahazi mengi. Hata hivyo misafara ya watumwa ilihamia nchi kavu, nayo ikabidi ipigwe marufuku 1876. Majahazi mengine yalijikinga kwa bendera ya Ufaransa. Mwaka 1881 Kapteni Brownrigg wa manowari London aliuawa karibu na Pemba akilikagua mojawapo. Magendo yalidumu kwa sababu utumwa wenyewe ulibaki halali: Unguja na Pemba hadi 1897, Tanganyika, pamoja na Mafia, hadi 1922.