Ons Jabeur: Mtunisia aliyebisha hodi mara tatu Grand Slam

KWA miaka mingi bara la Afrika limesifika ulimwenguni kupitia kwa wanariadha na wanasoka wake. Katika tenisi ya wanawake, sifa hizo zilikuwa haba hadi alipochomoza Ons Jabeur wa Tunisia, ambaye mnamo Juni 27, 2022 alipanda hadi nambari mbili kwenye orodha ya viwango ya Shirikisho la Tenisi ya Wanawake (WTA). Hakuna mwanamke mwingine wa Afrika aliyewahi kufika ngazi hiyo.

Jabeur alizaliwa Agosti 28, 1994 katika mji wa Ksar Hellal na kulelewa Sousse, mji wa pwani unaotegemea watalii. Mamake, Samira, aliyeupenda mchezo huo, ndiye aliyempeleka uwanjani akiwa na umri wa miaka mitatu. Klabu yake haikuwa na viwanja vya kutosha, hivyo mara nyingi alifanyia mazoezi kwenye viwanja vya hoteli za watalii. Baadaye alihamia Tunis kujiunga na shule ya michezo.

Nyota yake ilianza kung'aa mapema. Mnamo 2010 alifika fainali ya French Open kwa wasichana chipukizi na kushindwa na Elina Svitolina wa Ukraine. Mwaka uliofuata alirejea Paris na kulitwaa taji hilo kwa kumlaza Monica Puig wa Puerto Rico.

Hata hivyo, safari ya kutoka kwa chipukizi hadi kwa watu wazima ilikuwa ndefu. Kwa miaka kadhaa alihangaika katika mashindano madogo. Ni Januari 2020, katika Australian Open, ambapo alikuwa mwanamke wa kwanza Mwarabu kufika robo-fainali ya Grand Slam, baada ya kumwondoa Caroline Wozniacki wa Denmark katika mechi ya mwisho ya Wozniacki kabla ya kustaafu kwa mara ya kwanza. Sofia Kenin wa Marekani ndiye aliyemsimamisha.

Kuanzia hapo mataji yalifuatana. Alishinda Birmingham mnamo Juni 2021, na Oktoba mwaka huo akawa Mwarabu wa kwanza kuingia katika kumi bora. Mwaka wa 2022 alitwaa Madrid kwa kumbwaga Jessica Pegula wa Marekani 7-5, 0-6, 6-2, kisha Berlin. Mnamo 2023 aliongeza Charleston na Ningbo, China, na kufikisha mataji matano ya WTA.

Wapenzi wa tenisi walivutiwa hasa na namna alivyocheza. Wakati wenzake wengi walitegemea nguvu, yeye alitegemea hila: mara apige mpira wa kukata, mara audondoshe taratibu nyuma tu ya wavu huku mpinzani yuko mbali. Kwa uchangamfu wake, Watunisia walimbandika jina la Waziri wa Furaha.

Lakini furaha hiyo ilikuja na machozi. Mnamo Julai 9, 2022 alishuka uwanjani Wimbledon kama mwanamke wa kwanza wa Afrika kucheza fainali ya Grand Slam tangu tenisi ifunguliwe kwa wachezaji wa kulipwa mnamo 1968. Alishinda seti ya kwanza 6-3, kisha akazidiwa na Elena Rybakina wa Kazakhstan 6-2, 6-2. Miezi miwili baadaye, katika fainali ya US Open, alilimwa na Iga Swiatek wa Poland 6-2, 7-6.

Pigo kubwa zaidi lilikuja Wimbledon 2023. Njiani aliwang'oa Rybakina na Aryna Sabalenka, na wengi wakaamini kwamba zamu yake imewadia. Marketa Vondrousova wa Jamhuri ya Cheki, ambaye hakuwa hata miongoni mwa wachezaji walioorodheshwa kupewa nafasi, alimnyuka 6-4, 6-4. Jabeur alibubujikwa na machozi na kusema kwamba hicho ndicho kipigo kilichomuuma zaidi maishani mwake kama mchezaji.

Baada ya hapo majeraha ya goti na bega yalimwandama. Julai 2025 alitangaza kupumzika, akieleza kuwa kwa muda mrefu hakuwa na furaha uwanjani. Novemba mwaka huo alitangaza kwamba alikuwa mjamzito.

Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Jabeur alishindwa mara tatu mbele ya ulimwengu mzima, na kila mara alisimama kumpongeza mshindi. Lakini kwa kufika huko, aliwaonyesha wasichana wa Afrika kwamba hata mtoto aliyejifunzia kwenye viwanja vya hoteli anaweza kucheza fainali ya Wimbledon.