Kitufe Kisichoitika: Skrini za Kura za Kongo, 2006–2023

Kitufe cha skrini ni picha tu. Hakina springi wala waya. Kinachoitika ni programu iliyo nyuma ya picha hiyo, na programu nayo hungoja vitu vingine: umeme, karatasi, kumbukumbu, ruhusa, amri iliyotangulia. Ndiyo maana kitufe kinapoguswa kikanyamaza, kosa mara chache huwa ndani ya kitufe chenyewe. Mafundi wa programu walichukua miongo kadhaa kuunda njia za kulitafuta kosa hilo. Katika Afrika ya Mashariki na Kati, njia hizo zilijaribiwa hadharani, mbele ya foleni za watu, katika biro za kura. Kongo ndiko jaribio lilikokuwa kubwa zaidi, kwani mwaka 2018 skrini zilitumika karibu nchi nzima kwa siku moja, kuanzia Kinshasa hadi miji midogo ya ziwani kama Kilwa, katika teritwari ya Pweto mkoani Haut-Katanga.

Kitufe kinachoongozwa na skripti kiliingia mikononi mwa watu wa kawaida mwaka 1987, Bill Atkinson wa kampuni ya Apple alipotoa HyperCard. Mtu asiye fundi aliweza kuchora kitufe, kisha akakiandikia amri chache kwa lugha iliyokaribia maneno ya kila siku. Kitufe kilipokosa amri inayohusika, ujumbe wa kubonyezwa haukufia hapo. Ulipanda hadi kwenye kadi iliyobeba kitufe, kisha kwenye fungu zima la kadi, ukitafuta wa kuupokea. Mpangilio huo ulikuwa na akili, lakini ulizaa tatizo ambalo halijaisha hadi leo: ujumbe uliweza kudakwa njiani na amri iliyosahauliwa ngazi za juu, na mtumiaji akabaki anakilaumu kitufe.

Mwaka 1995 Brendan Eich aliiandikia Netscape lugha ya JavaScript, na tatizo hilo likahamia kwenye kurasa za intaneti likiwa limekua. Netscape ilipeleka ujumbe wa kubonyeza kutoka nje kwenda ndani, Microsoft ikaupeleka kutoka ndani kwenda nje, hivyo ukurasa ulioitika kwenye kivinjari kimoja ulinyamaza kwenye kingine. Kanuni ya pamoja iliyokubali njia zote mbili ilitolewa mwaka 2000 na shirika la viwango vya wavuti, W3C. Hata baada ya hapo vifaa vya kutafutia kosa vilikuwa duni. Fundi aliingiza kijisanduku cha tahadhari katikati ya skripti, akabonyeza, akatazama kama kijisanduku kinatokea. Kikitokea, kosa liko mbele. Kisipotokea, liko nyuma. Mambo yalibadilika mwaka 2006, Joe Hewitt alipotoa Firebug, zana iliyomwezesha fundi kuifungua skripti ndani ya kivinjari na kuisimamisha mstari kwa mstari.

Katika miaka hiyo ulijengeka utaratibu ambao mafundi wengi huufuata, wajue au wasijue ulikotoka. Kwanza huulizwa kama mguso umefika. Huenda kuna kitu kisichoonekana kimetandazwa juu ya kitufe, na mguso unaishia hapo. Kisha huulizwa kama kuna amri ya kuupokea: mara nyingi amri ilifungwa kwenye kitufe cha zamani, programu ikakifuta na kuchora kingine kinachofanana nacho kabisa, bila amri yoyote. Huulizwa pia kama kitufe kimezuiwa makusudi hadi sharti fulani litimie. Halafu hutazamwa kama skripti ilivunjika mapema, maana kosa moja kwenye mstari wa juu huweza kunyamazisha vitufe vyote vya chini. La mwisho ni kujua kama programu iko hai lakini ina shughuli. Skripti nyingi hufanya jambo moja kwa wakati mmoja, kama kinyozi mwenye kiti kimoja, na kazi nzito ikiishika, kila mguso husubiri nyuma yake.

Kusubiri huko kuna mipaka yake. Robert Miller aliandika kuhusu muda wa mashine kuitika mwaka 1968, na mwaka 1993 Jakob Nielsen akavieneza vipimo vitatu: sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtu huona ameitikiwa papo hapo, sekunde moja, mawazo yake bado hayajakatika, sekunde kumi, uvumilivu unaisha. Windows yenyewe hulihesabu dirisha kuwa limekwama likikaa sekunde tano bila kupokea ujumbe. Mtu asiyeitikiwa hubonyeza tena, na tena, na hapo ndipo madhara huanza, kwa sababu miguso yote iliyorundikana huweza kutekelezwa kwa mpigo programu inapozinduka.

Skrini ya kugusa iliongeza sababu nyingine. E. A. Johnson alieleza skrini ya aina hiyo nchini Uingereza mwaka 1965, akiikusudia kwa waongozaji wa ndege. Miaka michache baadaye Samuel Hurst alibuni Marekani aina inayofanya kazi kwa shinikizo la kidole. Skrini ya shinikizo hulazimika kurekebishwa vipimo mara kwa mara. Vipimo vikihama, kidole kinagusa hapa na mashine inasoma pale. Katika uchaguzi wa Marekani wa 2008, wapiga kura wa West Virginia walilalamika kwamba mashine ziliwawekea alama kwa mgombea wasiyemgusa, na maofisa wakataja vipimo vilivyohama. Kwa mpiga kura, kitufe kinachoitika kwa niaba ya jirani yake ni kibaya kuliko kilicho kimya.

Kongo haikufika kwenye skrini kwa kupenda vitu vipya. Ilisukumwa na wingi wa wagombea. Katika duru ya kwanza ya tarehe 30 Julai 2006, watu 33 waligombea urais na zaidi ya 9,000 waligombea viti 500 vya bunge la taifa. Mwaka 2011 wagombea ubunge walipita 18,000. Katika majimbo makubwa, hasa ya Kinshasa, karatasi ya kura iligeuka kijitabu cha kurasa nyingi, na mpiga kura alifunua kurasa akitafuta sura moja kati ya mamia. Uchapishaji ulikuwa ghali, usafirishaji ulikuwa mzito, na kuhesabu kulichosha. Mwaka 2018 jumla ya wagombea iliongezeka tena: wagombea 21 wa urais, zaidi ya 15,000 wa bunge la taifa, na wengine zaidi ya 19,000 wa mabunge ya mikoa, wote wakipigiwa kura siku moja.

Tume ya uchaguzi, CENI, iliyoongozwa wakati huo na Corneille Nangaa, ilichagua mashini ya kampuni ya Miru Systems ya Korea Kusini, na ikaagiza zaidi ya 105,000. Sheria ya uchaguzi ilikataza kura ya kielektroniki. Hoja ya CENI ilikuwa kwamba mashini ni printa tu, na kura halali ni karatasi inayotumbukizwa sandukuni na kuhesabiwa kwa mkono. Wapinzani wengi hawakuridhika. Walihofia kwamba mashini itaiba kura, na wengine walitaka karatasi za zamani zirudishwe.

Hatua za mashini hiyo zinaeleza kwa nini iliweza kukwama bila kuharibika. Mpiga kura alipewa karatasi yenye msimbo, akaiingiza, na mashini ikausoma. Ndipo skrini ilipofunguka kwa uchaguzi wa kwanza. Aligusa picha au aliandika namba ya mgombea, akathibitisha, akaenda kwenye uchaguzi wa pili, kisha wa tatu, na mwishoni printa ikachapa chaguo zake juu ya karatasi ileile. Kila skrini ilitegemea iliyotangulia. Karatasi iliyoingia imepinda au msimbo usiosomeka uliifunga njia nzima, na mpiga kura aliona skrini isiyoitika tu, bila kujua kwamba mashini inangoja karatasi. Programu ya namna hii humhitaji mtumiaji anayejua ni nini kinachosubiriwa, na katika nchi ambako wengi walikuwa hawajawahi kugusa skrini kubwa, elimu ya mpiga kura ilikuwa sehemu ya ufundi. CENI ilizungusha mashini za maonyesho mijini na vijijini miezi kadhaa kabla ya kura, lakini hazikuweza kumfikia kila mtu.

Kwa mahali kama Kilwa, shida ilianza kabla ya skrini kuwashwa. Mji huo uko ufukweni mwa Ziwa Mweru, mpakani na Zambia, zaidi ya kilomita 300 kwa barabara kutoka Lubumbashi. Ni mji uliozoea mizigo mizito: shaba na fedha ya mgodi wa Dikulushi ilipitia hapo kuvushwa ziwani. Lakini Desemba ni mwezi wa mvua, na barabara za udongo za kaskazini mwa Haut-Katanga huwa tope. Umeme nao ni tatizo la nchi nzima. Mwaka 2018 chini ya robo ya Wakongo walikuwa na umeme nyumbani, na gridi ya shirika la taifa, SNEL, haikufika sehemu nyingi za vijijini. Kwa hiyo mashini ziliendeshwa kwa betri, na betri ndiyo ikawa swali la kwanza la fundi mbele ya skrini nyeusi. Fundi wa Lubumbashi aliweza kutuma mtu dukani. Aliyekuwa kwenye biro ya mbali alikuwa na alichobeba tu.

Usiku wa kuamkia tarehe 13 Desemba 2018 moto uliteketeza ghala la CENI mjini Kinshasa, pamoja na mashini karibu 8,000 zilizotengwa kwa ajili ya mji huo. Kura iliyopangwa tarehe 23 iliahirishwa hadi tarehe 30. Katika Beni, Butembo na Yumbi iliahirishwa zaidi, hadi Machi 2019, na wakazi wa Beni wakafanya kura yao ya kuigiza kwa karatasi, bila mashini. Siku yenyewe, waangalizi wa baraza la maaskofu Wakatoliki, CENCO, walioenea nchini kwa makumi ya maelfu, waliripoti zaidi ya visa 500 vya mashini zisizofanya kazi sawasawa. Kati ya biro zaidi ya 70,000 idadi hiyo si kubwa, lakini haikuwafariji waliosimama foleni mbele ya mashini iliyokwama, wakisubiri fundi anayehudumia vituo kadhaa.

Kenya ilikuwa imeyaona hayo kwa sura nyingine. Tarehe 4 Machi 2013 vifaa vya kuwatambua wapiga kura vilizimika katika vituo vingi. Vituo vingi vilikuwa madarasa ya shule yasiyo na soketi, chaji ikaisha, na kwingine makarani hawakuwa na neno la siri lililofanya kazi. Makarani walirudi kwenye daftari la karatasi. Huko pia programu haikuwa mkosaji mkuu. Umeme na ruhusa za kuingia ndivyo vilivyokosekana. Tofauti ni kwamba Kenya ilikuwa na daftari la kuangukia. Katika biro ya Kongo, karatasi bila mashini haikuwa na majina ya wagombea, hivyo skrini iliponyamaza hapakuwa na njia ya pili.

Mashini zilitumika tena tarehe 20 Desemba 2023, CENI ikiwa chini ya Denis Kadima, na wagombea wa bunge la taifa wakiwa zaidi ya 23,000. Nyingi zilikuwa zilezile za 2018, zilizotunzwa ghalani miaka mitano na kukarabatiwa. Betri huzeeka hata zikikaa bure, na upungufu wa chaji ukawa miongoni mwa malalamiko makubwa ya siku hiyo. Biro nyingi zilifunguliwa kwa kuchelewa, nyingine hazikufunguliwa kabisa, na CENI ikarefusha upigaji kura hadi siku iliyofuata. Mahali pengine uliendelea hata baada ya hapo.

Kisha likajitokeza tatizo ambalo utaratibu wa mafundi haukuliwaza: mashini zilizoitika vizuri mno, mikononi mwa watu wasiostahili. Vifaa vilikutwa kwa watu binafsi, na tarehe 5 Januari 2024 CENI ilifuta kura za wagombea 82 kwa makosa ya udanganyifu, kuharibu vifaa na kumiliki vifaa vya kura kinyume cha sheria. Kwa wakaguzi, mashini zilizotumika nje ya biro zilikuwa ngumu kuchunguza kuliko zilizokwama, kwa sababu mashini iliyokwama huacha foleni ya mashahidi, na hizi zilitumika pasipo foleni. Ukaguzi uliofuata ulihusu nani aliyekuwa na mashini na karatasi zake, siku gani, na kwa idhini ya nani.