Wauza magari yaliyotumika: matangazo na dhamana

Muuza magari yaliyotumika ni mfanyabiashara anayenunua na kuuza magari yaliyokwisha kumilikiwa bila kuwa wakala wa kiwanda chochote. Afrika Mashariki anajulikana zaidi kama mwenye yadi. Hana jina la kiwanda la kujikinga nalo, wala hana waranti ya mtengenezaji ya kumkabidhi mteja pamoja na ufunguo. Kwa hiyo mambo mawili yanabaki mikononi mwake: anasema nini kuhusu gari kabla halijauzwa, na anakubali kuwajibika kwa nini likishaondoka yadini. Wengi huyaamua mambo haya kando kando, la kwanza likiachiwa kijana anayetangaza kwa simu na la pili likisubiri ugomvi. Kisheria hayatengani, kwa kuwa neno lililoandikwa kwenye tangazo linaweza kuwa sharti la mkataba.

Yadi na bidhaa yake

Sehemu kubwa ya magari ya yadi za Kenya, Tanzania na Uganda hutoka Japani, nchi ambayo nayo huendesha upande wa kushoto wa barabara. Huko gari dogo la binafsi hukaguliwa likitimiza miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Gharama za ukaguzi huo, unaoitwa shaken, huwafanya wenye magari wengi kuyaachia yakiwa bado mazima. Magari hupitia minada ya kampuni kama USS, yakanunuliwa na wasafirishaji kama BE FORWARD na SBT, na kushushwa Mombasa au Dar es Salaam. Mengine hupitia Dubai.

Kenya, kwa kiwango cha KS 1515:2000, hairuhusu gari lililozidi miaka 8. Tanzania haikuweka ukomo wa namna hiyo. Gari kuukuu huingia, ila hutozwa ushuru wa ziada kwa uchakavu wake. Ndiyo maana gari “lililoingia juzi” katika yadi ya Dar es Salaam linaweza kuwa na umri maradufu ya lile lililoingia juzi kwenye yadi za Ngong Road, Nairobi. Waranti ya miezi 3 ni mzigo tofauti kabisa kwa wauzaji hawa wawili.

Wote wawili hushindana na simu ya mteja. Mteja anaweza kuagiza mwenyewe kutoka Japani na kusubiri meli. Anayekwenda yadini analipia nafasi ya kulishika gari, kuliwasha na kuondoka nalo leo. Analipia pia kuwa na mtu wa kumrudia likimsumbua, na hili la pili yadi nyingi hulisahau.

Tangazo linasema nini

Tangazo la kawaida la Tanzania huwa hivi: “Toyota IST, namba E, mkono wa kwanza, haijagongwa, AC kama friji, bei maelewano.” Ni maneno machache, lakini kila moja lina uzito wake.

“Namba E” ni herufi ya kwanza kati ya zile tatu za mwisho kwenye kibao cha usajili. Herufi hizo hufuata mpangilio wa usajili nchini, kwa hiyo humweleza msomaji gari lilisajiliwa lini hapa. Hazisemi limetengenezwa lini. Gari la zaidi ya miaka 15 lililotoka bandarini mwezi uliopita litavaa namba mpya kuliko gari changa lililoingia kabla yake. Hali ni hiyo hiyo kwa vibao vya KD vya Kenya. Muuzaji anayetanguliza namba na kuficha mwaka wa kutengenezwa hajadanganya. Amechagua tu ukweli unaomfaa. “Mkono wa kwanza” ni ndugu yake: maana yake mmiliki wa kwanza tangu gari lifike nchini, na wamiliki wa Japani hawahesabiwi.

“Haijagongwa” ni neno zito kuliko yote katika tangazo hilo, kwa sababu ni madai yanayoweza kuthibitishwa au kukanushwa. “AC kama friji” ni kujisifu tu, na sheria kwa kawaida haimfuati mtu kwa kusifia bidhaa yake. Lakini Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC), inakataza kusema uongo kuhusu ubora wa bidhaa, historia yake au matumizi yake ya awali. Sheria ya Ushindani ya Kenya ya mwaka 2010 ina katazo linalofanana nalo. Gari lililopinduka, likanyooshwa na kupigwa rangi, kisha likatangazwa kuwa halijagongwa, linaangukia hapo moja kwa moja. Vivyo hivyo gari ambalo kilomita zake zimerudishwa nyuma: Sheria ya Kulinda Watumiaji ya Kenya ya mwaka 2012 inahesabu kuwa ni udanganyifu kudai bidhaa imetumika kwa kiwango kisicho cha kweli.

Hapa mwenye yadi ana silaha ambayo wengi huiacha ndani ya droo. Gari lililopita mnadani Japani huja na karatasi ya mnada, yenye mchoro wa gari uliojazwa herufi na tarakimu: A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni alama ya palipowahi kunyooshwa, XX ni kipande kilichobadilishwa. Tarakimu inayofuata herufi huonyesha ukubwa wa kasoro, ili A1 iwe mkwaruzo mdogo na A3 mkubwa. Juu kuna daraja la jumla, kama 4 au 4.5, na R au RA kwa gari lililowahi kutengenezwa baada ya ajali. Kilomita nazo zimeandikwa. Yadi inayoweka picha ya karatasi hiyo pamoja na picha za gari imesema mengi kuliko “gari ni kali sana” kumi, na haijatumia shilingi hata moja ya ziada. Kwa bahati mbaya karatasi hughushiwa pia, kwa hiyo mteja makini huilinganisha na namba ya chasisi na cheti cha usafirishaji.

Kuhusu mahali pa kutangaza hakuna mengi ya kusema. Bango la barabarani na redio bado vipo, ila biashara imehamia WhatsApp, Instagram, Facebook na masoko ya mtandaoni kama Jiji, PigiaMe na Kupatana. Cheki, iliyokuwa jina kubwa la Kenya katika kazi hii, ilinunuliwa na Autochek mwaka 2021. Njia hizi zimeleta jambo moja ambalo bango halikuwa nalo: kumbukumbu. Tangazo la simu hupigwa picha na mteja, na picha hiyo husubiri siku ya kuhitajika. Kwa vituko, hata hivyo, hakuna aliyemfikia Cal Worthington wa California, aliyetangaza magari yake kwenye televisheni kwa miaka mingi akiwa na “mbwa wake Spot”. Spot alikuwa simbamarara, mara tembo, mara kiboko; mbwa hakuonekana kamwe.

Bei ni uamuzi wa peke yake. “Bei maelewano” huacha mlango wazi kwa dalali kupachika cha juu chake, na mteja hajui bei ya mwenye mali ni ipi. Wengine huandika bei ya gari kufika bandarini tu, inayovutia macho, kisha kodi humkuta mteja baadaye. Bei yenye kodi zote na usajili ndani yake huonekana kubwa kwenye simu, lakini haimgeuki mtu. Matangazo ya lipa kidogo kidogo ni mabaya zaidi, maana hutaja malipo ya mwanzo na kunyamazia riba. Marekani walilishughulikia hili katika sheria ya ukweli katika mikopo ya mwaka 1968: tangazo likitaja kiasi cha kulipwa kila mwezi au malipo ya awali, lazima litaje pia kiwango cha riba cha mwaka na masharti ya ulipaji.

Dhamana ambayo haikuandikwa

Wenye yadi wengi huamini kwamba wasipoandika waranti, hakuna waranti. Sivyo. Sheria za mauzo ya bidhaa za Kenya na Tanzania, zote zikiwa zimetokana na ile ya Uingereza ya mwaka 1893, huingiza masharti katika mauziano hata kama hayakutamkwa: bidhaa ilingane na maelezo yake, na iwe na ubora wa kuuzika pale inaponunuliwa kwa maelezo kutoka kwa mtu ambaye hiyo ndiyo kazi yake. Mtu binafsi anayeuza gari lake hafungwi na sharti hilo la pili. Mwenye yadi anafungwa.

Kuna mwanya mmoja. Mnunuzi akiwa amelikagua gari, hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuifichua. Ndiyo maana mwenye yadi mjuzi humsihi mteja aje na fundi wake. Ni ukarimu, na pia ni kinga: mafuta yanayovuja chini ya injini mchana kweupe si siri tena baada ya fundi kulala chini ya gari. Kasoro iliyojificha ndani ya giaboksi haimo katika mwanya huo.

Kibao cha “ulivyoliona ndivyo lilivyo, likitoka halirudi” ni jaribio la kufuta masharti hayo yote. Sheria ya zamani ya mauzo iliruhusu pande mbili kukubaliana kuyaondoa. Kwa mtumiaji wa Kenya mlango huo umefungwa: sheria ya 2012 inasema neno lolote la mkataba linalokusudia kuyafuta ni batili. Kibao kinabaki kuwa pambo la ukutani, na pambo linalofukuza wateja. Katika miji ya pwani mnunuzi Mwislamu ana hoja nyingine ya kale zaidi, khiyari ya aibu, yaani haki ya kurudisha kitu kilichouzwa kwa kuficha kasoro yake.

Marekani hufanya kinyume. Huko majimbo mengi humruhusu muuzaji kuuza gari bila dhamana, ila ni lazima aseme hivyo waziwazi. Tangu mwaka 1985 kanuni ya Tume ya Biashara ya Shirikisho (FTC) inamtaka kila anayeuza zaidi ya magari 5 yaliyotumika kwa mwaka kubandika karatasi ya mwongozo kwenye dirisha la gari. Ina visanduku: hakuna dhamana ya muuzaji, au ipo, ikiwapo, ni kamili au ya sehemu, muuzaji atalipa asilimia ngapi ya ufundi na ngapi ya vipuri, mifumo gani imo na kwa muda gani. Mazungumzo yakifanyika kwa Kihispania, karatasi nayo iwe ya Kihispania. Ikipingana na mkataba, karatasi ndiyo inayoshinda. New York imekwenda mbele zaidi na kuweka kima cha chini kulingana na maili: gari lililotembea kati ya maili 18,001 na 36,000 hudhaminiwa siku 90 au maili 4,000, na lile la maili 80,000 hadi 100,000 siku 30 au maili 1,000. Uingereza, kwa sheria ya haki za watumiaji ya mwaka 2015, humpa mnunuzi siku 30 za kurudisha gari bovu na kudai fedha zake.

Waranti ya injini na giaboksi

Dhamana ya hiari inayotolewa zaidi na yadi za Afrika Mashariki ni ya injini na giaboksi kwa miezi kadhaa, aghalabu kwa mdomo. Ugomvi wake hauanzii kwenye muda; unaanzia kwenye yale yasiyosemwa. Mfano mzuri ni giaboksi ya CVT iliyomo katika magari madogo mengi ya Japani. Hutumia mafuta maalumu. Fundi wa mtaani akimwagia mafuta ya giaboksi ya kawaida, mkanda wake huteleza na giaboksi hufa. Mteja anarudi wiki ya sita na gari likivutwa. Yadi inasema mafuta yamebadilishwa. Mteja anasema alilikuta hivyo. Kama kwenye karatasi ya mauzo pangeandikwa aina ya mafuta, kilomita za siku ya makabidhiano na gereji inayoruhusiwa kuligusa, suala lingekwisha kwa dakika chache.

Mengine ya kuandikwa ni nani analipa kulivuta gari kutoka Mbeya hadi yadi ya Dar es Salaam, spea zitakuwa mpya au za kuvuliwa kwenye gari jingine, na kama dhamana inaendelea gari likitiwa kwenye biashara ya teksi. Yadi ndogo isiyomudu gharama zote inaweza kugawana na mteja nusu kwa nusu, kama wafanyavyo Wamarekani wengi. Heri nusu iliyoandikwa kuliko yote iliyoahidiwa kwenye kahawa.

Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof, ambaye baadaye alishiriki Tuzo ya Nobel ya 2001, alitumia soko la magari yaliyotumika kueleza jinsi wanunuzi wasioweza kutofautisha gari zuri na bovu wanavyotoa bei ya wastani kwa yote, mpaka wenye magari mazuri wakajiondoa. Dhamana aliitaja miongoni mwa dawa. Sababu ni nyepesi: mwenye gari bovu anaweza kunakili tangazo lolote, lakini waranti ya miezi 3 itamfilisi. Kwa hesabu hiyo, fedha ambayo yadi inatenga kwa matengenezo baada ya mauzo ingepaswa kuandikwa kwenye fungu la matangazo.

Gari la mtu

Lipo jambo linalovuruga yote haya. Magari mengi yaliyopangwa yadini si ya mwenye yadi. Yameachwa na wenyewe yauzwe kwa kamisheni, na wafanyakazi huyaita “gari la mtu”. Tangazo halisemi hivyo. Kisheria wakala anayetaja waziwazi kwamba anauza kwa niaba ya mwingine kwa kawaida hawajibiki kwa mkataba. Asiyetaja anaweza kudaiwa kana kwamba mali ni yake. Mnunuzi hugundua siku ya kuhamisha umiliki, pale jina lililo kwenye kadi ya gari, au logibuku kwa Mkenya, linapokuwa la mtu ambaye hajawahi kumwona, naye ameshapewa waranti ya mdomo na yadi. Yadi chache sasa huandika kwenye tangazo lenyewe kwamba gari linauzwa kwa niaba ya mwenyewe na kwamba dhamana haipo, na hulipa punguzo la bei kwa uwazi huo. Nyingine hukataa kabisa kuyapokea magari ya namna hii mpaka fundi wao ayapime na mwenye gari aache sehemu ya malipo yake yadini hadi muda wa waranti upite.